Hekalu Lililopakwa Chokaa

Nchi ninayoisimulia hapa siitaji jina. Si kwamba naogopa. Niliomba kibali cha kulitaja, fomu ikapokelewa vizuri, ikagongwa muhuri, na anayetakiwa kuisaini yuko likizo. Akirudi nitalitaja. Kwa sasa itoshe kusema ni nchi yenye milima miwili, mito mitatu na wizara arobaini na mbili, mojawapo ikiwa Wizara ya Mambo Yaliyopita, inayoshughulikia vitu vya kale pamoja na ahadi.

Katika jimbo la mwisho kabisa la nchi hiyo, kijijini Kidugwe, palikuwa na hekalu la mawe lenye umri wa miaka mia tisa. Kuta zake zilipanda kama ngazi, na katikati palikuwa na birika kubwa la mawe. Mvua ikinyesha, maji yalishuka ngazi hadi ngazi, yakaingia kwenye mifereji iliyochongwa, yakatua birikani. Birika likijaa, Kidugwe walikunywa, wakapika na kufua mpaka mvua ya mwaka unaofuata. Mambo yalikwenda hivyo miaka mia tisa na hakuna aliyeyaita mradi.

Mifereji ilifagiliwa na Bi. Sikudhani. Alikuwa mjane, mfupi, mama wa watoto sita, na alifagia kila Ijumaa kwa miaka thelathini na moja, kama mama yake alivyofanya kabla yake. Sababu yake ilikuwa fupi kama yeye. Majani yakiziba mfereji, maji yanaingia ukutani. Maji yakiingia ukutani, ukuta unatapika mawe. Angeweza kumweleza hivyo yeyote aliyemuuliza. Hakuulizwa.

* * *

Siku moja Wizara iligundua kwamba nchi jirani ina ushirikiano wa kimataifa wa utafiti na sisi hatuna. Mwezi haukuisha, tukawa nao. Waliosaini ni vyuo vikuu vitatu vya nchi za theluji na taasisi moja ya kupima nyufa. Na kwa kuwa karatasi ilibaki na nafasi chini, akaongezwa fundi mmoja kutoka nchi ya Wakhmeri, Bwana Vannak.

Kwao Bwana Vannak mahekalu ya mawe yako mengi, mengine yamekumbatiwa na mizizi ya miti minene kuliko nyumba, naye alikuwa ameyatengeneza tangu ujana wake. Katika ushirikiano wote, yeye peke yake ndiye aliyewahi kushika jiwe la hekalu kwa mkono. Kwa hiyo jina lake liliandikwa la mwisho, baada ya mpiga picha.

Kiongozi wa watafiti alikuwa Profesa Aldersund, mtu mrefu na mpole. Kiswahili alikisomea chuo kikuu, hivyo alikizungumza vizuri kutuzidi, na ndiyo maana hatukumwelewa. Upande wa serikali, mwenyekiti alikuwa Mkuu wa Jimbo, Mheshimiwa Tambwe Kilungile. Wasifu wake rasmi, unaobandikwa katika kila ofisi ya jimbo, unasema alizaliwa mjini, hospitali kuu, ghorofa ya tatu. Hospitali hiyo haina ghorofa hata moja mpaka leo, lakini wasifu umegongwa muhuri.

Siku ya uzinduzi Mheshimiwa alisimama mbele ya hekalu, suti nyeupe, mkewe Mama Leokadia akiwa ameketi nyuma yake chini ya mwavuli.

"Wananchi! Leo hekalu hili limezaliwa!"

"Lina miaka mia tisa," Bi. Sikudhani akasema kutoka kwenye ufagio wake.

"Hiyo ilikuwa miaka mia tisa ya kusubiri uongozi!"

Tukapiga makofi. Mheshimiwa alisema hiyo ni mara yake ya kwanza maishani kukanyaga Kidugwe, na wazee wote wa kijiji waliokuwa mstari wa mbele wakashikwa na kikohozi kwa wakati mmoja.

Kisha watafiti wakapima. Ikaonekana hekalu limeinama upande wa kusini kwa vidole vitatu.

"Vilikuwa vitatu tangu bibi yangu," alisema Bi. Sikudhani.

Kauli hiyo haikuweza kuandikwa kwa sababu bibi hakuacha takwimu. Badala yake likaundwa swali kuu la utafiti: kwa nini hekalu hili halijaanguka? Semina ziliendelea miezi minne. Mwisho wake ikakubalika kwamba njia pekee ya kujua ni kuliangusha polepole, jiwe moja moja, kisha kulirudisha.

Bwana Vannak aliomba kusema neno. Kiswahili chake alijifunza kwa akina mama wa Kidugwe, kwa hiyo kilikuwa kifupi.

"Kwetu hekalu moja lilifunguliwa hivyo. Vita vikaja. Karatasi zikapotea. Mawe yakalala msituni miaka mingi, hakuna ajuaye lipi ni lipi."

"Hapa hakuna vita," Mheshimiwa akamjibu. "Hapa kuna utaratibu."

* * *

Utaratibu ulianza na Bi. Sikudhani. Aliulizwa cheti chake cha kufagia urithi wa dunia. Akasema hana. Akaambiwa kuna kozi ya miezi tisa, inayotaka waliomaliza kidato cha nne. Yeye alimaliza darasa la saba.

"Kwa hiyo nani atafagia?"

"Nafasi itatangazwa," akaambiwa. Haijatangazwa mpaka leo.

Halafu ikaandikwa Rejista ya Uharibifu. Watafiti walizunguka hekalu wakiandika kila alama iliyowekwa na mkono wa mwanakijiji, na mahali pake hasa: ukuta gani, ngazi gani, jiwe la ngapi kutoka kona. Mifuo ya kunolea visu. Mashimo ya bao. Vitundu vya kufungia mbuzi. Mistari ya kupimia urefu wa watoto, mwaka hadi mwaka. Majina. Jumla yalikuwa makosa mia sita na kumi na moja. La mwisho, namba 611, liliandikwa hivi: "Moyo uliochomwa mshale. Ndani, herufi T na S. Chini, neno MILELE. Mahali: jiwe la mlango wa maji wa birika. Mhalifu: hajulikani."

Polisi walipokuja kuuliza nani kafanya nini, Kidugwe nzima ilikuwa haijawahi kunoa kisu. Rejista ikapelekwa kituoni kama ushahidi, na mawe yote yenye alama yakatangazwa kuwa vidhibiti vya kesi. Kidhibiti cha kesi, kwa sheria zetu, hakiwezi kutumika kwa kazi yoyote mpaka mhalifu apatikane.

Hekalu likafunguliwa. Yalitoka mawe elfu tatu mia nne na kumi na mawili, yakapangwa uwanjani kwa mistari iliyonyooka kama gwaride. Kila moja liliandikwa namba yake kwa wino maalumu unaooshwa kwa maji, ili usiharibu urithi. Namba zikaingizwa kwenye kompyuta, pamoja na mahali pa kila jiwe. Mpiga picha alikuwa bado anasubiri kibali cha kupiga picha.

Birika nalo lilifunguliwa. Maji yaliyokuwamo yalikwenda yalikokwenda, na akina mama wa Kidugwe wakaanza kwenda Mto Luvumo, mwendo wa saa tatu kwenda na kurudi, ndoo kichwani. Mvua za mwaka huo zilinyesha zikapita, zikaacha tope mahali palipokuwa na birika. Ripoti ya mwaka ilisema jamii imeshirikishwa kikamilifu.

* * *

Mwaka wa pili, mwezi mmoja na nusu kabla ya mvua, ikatangazwa kwamba Mtukufu Rais atakuja kukagua.

Sasa, katika nchi hiyo kuna Waraka wa Mapokezi. Ni wa zamani kuliko katiba na unaheshimiwa zaidi. Unasema kila jiwe lililo ndani ya mita mia mbili kutoka njia ya Mtukufu litapakwa chokaa. Watu wa jimbo hilo wameupenda waraka huo tangu utoto. Rais akija, unajua kwa mawe. Barabara nzima pande mbili, mawe meupe kama meno, na miti imevalishwa soksi nyeupe hadi magotini.

Mheshimiwa aliwahesabu wafanyakazi, akagawa ndoo na brashi, akarudi mjini kupiga pasi suti. Wafanyakazi wakafika uwanjani, wakapima kutoka barabarani: mita mia moja na arobaini. Wakayaona mawe, elfu tatu na zaidi, yamepangwa tayari mistari. Msimamizi wao alisema baadaye, mbele ya tume, kwamba katika miaka ishirini ya kazi hajawahi kuona mawe yaliyojiandaa vizuri kiasi kile.

Walipaka siku mbili, pande zote sita. Bwana Vannak alikuwa amelala na homa. Profesa alikuwa kwenye warsha. Bi. Sikudhani aliwaona wapakaji akitoka mtoni, akasimama na ndoo yake kichwani.

"Nyie! Mnafuta namba!"

"Una cheti cha namba, mama?"

Mtukufu akaja. Alitazama uwanja mweupe ukimeremeta mpaka mlimani, akasema hajawahi kuona hekalu lililotunzwa kwa usafi namna hii. Alikaa dakika sita. Bendi iliendelea saa mbili.

Siku iliyofuata kibali cha mpiga picha kikatoka. Alifanya kazi kwa moyo. Ana picha elfu ishirini za mawe meupe, kila jiwe pande zote sita, na ni picha nzuri sana.

* * *

Profesa aliporudi, alikaa chini kwenye nyasi na kwa mara ya kwanza tulimwelewa, maana hakusema neno.

Mheshimiwa hakuyumba. "Chokaa ni kitu cha kuosha," alisema. "Iosheni."

Yakaja maboza saba ya maji kutoka mjini. Kidugwe ilikuwa haijawahi kuona boza hata moja. Akina mama walitoka mbio na ndoo, na mlinzi akawazuia kwa mikono miwili.

"Maji haya ni ya utafiti!"

"Yaani mawe yana kiu kutushinda?" Bi. Sikudhani akamuuliza.

"Yana bajeti, mama."

Mawe yakaoshwa. Chokaa ikatoka, na wino maalumu unaooshwa kwa maji ukatoka nayo. Kompyuta ilijua kila namba inakwenda wapi. Hakuna aliyejua namba ipi ni jiwe lipi. Zilibaki wiki tatu mvua inyeshe, na kama birika halingefungwa, Kidugwe wangekuwa na mwaka mwingine wa ndoo na saa tatu. Binti mdogo wa Bi. Sikudhani alikuwa na mimba ya miezi minane na alikuwa bado anakwenda mtoni. Bi. Sikudhani alimkataza mara mbili. Mara ya tatu alimnyang'anya ndoo, akaanza kubeba mbili.

Bwana Vannak, akiwa amepona homa, alizunguka uwanja siku nzima akipapasa mawe. Jioni alimwendea Profesa.

"Waliojenga walisugua jiwe juu ya jirani yake mpaka likaenea. Kila jiwe lina jirani wake mmoja. Nikipata mawe mia chache ya kuanzia, mengine nitayapata kwa mkono. Nipe daftari la makosa."

"Rejista ya Uharibifu?"

"Wino umetoka. Kisu hakitoki. Humo mmeandika alama zote na mahali pake. Hiyo ndiyo ramani."

Profesa aliinuka kutoka kwenye nyasi.

* * *

Rejista ikatolewa kituoni kwa mkopo. Lakini mawe yenyewe, kumbuka, yalikuwa vidhibiti. Mwanasheria wa jimbo alifafanua: jiwe lenye alama haliwezi kurudishwa ukutani mpaka mhalifu akiri kwa mkono wake, kwenye Fomu ya Kukiri, nakala tatu. Akikiri atahukumiwa palepale. Adhabu ni kufagia hekalu siku thelathini.

Tukaitwa uwanjani. Mheshimiwa akaeleza. Kwa mwaka mzima Kidugwe walikuwa wameapa hawajui hata kisu kinanolewaje, na polisi walewale walikuwa wamesimama pale na kalamu.

Bi. Sikudhani akaweka ndoo zake chini.

"Namba kumi na nne. Mfuo wa kisu. Mimi. Nimenoa pale miaka thelathini na moja, na mama yangu kabla yangu, lakini yeye msimtafute. Andika."

Karani akaandika. Bwana Vannak akatafuta uwanjani, akalipata jiwe lenye mfuo mrefu upande mmoja, likabebwa na watu wanane na kuwekwa kwenye kona yake. Likakaa.

Basi mlango ukafunguka. Watu walisukumana.

"Kitundu cha mbuzi, mimi!"

"Mistari ya urefu ni ya watoto wangu. Huyu hapa Pendaeli, mpimeni, mstari wa tatu."

Wazee wawili nusura wapigane.

"Bao hilo nilichonga mimi!"

"Wewe? Wewe ulikuwa unakaa hapo kufungwa tu!"

"Nilichonga na nikakufunga!"

"Mwandikeni kwa kuchonga. Kwa kunifunga ni uongo, hiyo fomu itakuwa batili."

Wakaandikwa wote wawili, mmoja kwa mashimo ya juu na mwingine ya chini. Kwa siku kumi na mbili foleni haikukatika. Watu walikiri makosa manne, matano. Wengine waliporudi nyumbani walikumbuka jingine wakarudi mbio. Mawe yenye alama yalisimama kwenye kona zao, na Bwana Vannak na vijana wa kijiji wakajaza katikati, wakisugua, wakisikiliza, wakirudisha. Alikuwa akilijaribu jiwe mahali pake kama mama anavyomjaribisha mtoto kofia. Ukuta ukapanda, ukiwa umeinama upande wa kusini vidole vitatu.

"Tuunyooshe?" aliuliza Profesa.

"Ukinyooka unaanguka," Bwana Vannak akasema. Profesa akaandika hilo kwenye daftari dogo, si lile kubwa.

* * *

Ikabaki namba 611.

Lilikuwa jiwe la mlango wa maji, lile linaloziba mdomo wa birika. Bila lile, maji yote yangeingia upande mmoja na kutokea upande wa pili. Na T hakujitokeza.

Mheshimiwa Tambwe Kilungile alilichukulia jambo hilo kwa uzito wa ajabu. Alitangaza redioni kumtafuta mtu yeyote ambaye jina lake linaanza na T na aliyewahi kumpenda mtu anayeanza na S. Wakaja kumi na wanne, wakidhani ni ajira. Profesa, ambaye alikuwa mtu mkweli na hilo lilitusumbua sana, akadai jaribio: anayekiri achonge tena, mbele ya watu, ilinganishwe. Hakuna aliyefaulu. Mmoja alichonga vizuri lakini aliandika jina la shemeji yake, na kesi yake iko kwingine.

Mwisho Mheshimiwa alimleta dereva wake, Tegemea.

"Huyu ndiye," alisema. "Ameniungamia njiani."

Tegemea alipewa patasi. Alifanya kazi nusu saa, jasho likimtoka, akimtazama bosi wake kila baada ya nyundo mbili. Moyo wake ulitoka kama kiazi kitamu.

"Haulingani," alisema Profesa.

"Alikuwa na mapenzi ya aina hiyo," Mheshimiwa akatetea.

Wazee wa mstari wa mbele wakakohoa tena. Mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mlima tangu asubuhi.

Kesho yake Bi. Sikudhani alivaa kanga yake nzuri, akaenda mjini, ofisi ya Mkuu wa Jimbo. Alikaa kwenye benchi mpaka saa nane, akaingizwa.

"Karibu, mama. Una shida gani?"

"Usiniite mama, Tambwe. Tumekaa dawati moja."

Mheshimiwa aliinuka akafunga mlango kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ateuliwe.

"Siku. Mimi nina mke."

"Na mimi nilikuwa na mume. Sijaja kudai milele. Nimekuja kudai jiwe."

"Wasifu wangu unasema sikuwahi kufika Kidugwe."

"Basi wasifu wako ukateke maji mtoni. Mtoto wangu anajifungua wiki ijayo na ndani kuna ndoo moja."

Mheshimiwa alizunguka meza, akarudi, akazunguka tena. "Ilikuwa utoto. Nani atakumbuka?"

"Kijiji kizima. Unadhani wale wazee wana kifua? Ulichonga na patasi ya baba yako saa sita mchana, ukaimba." Akafungua pindo la kanga. "Na barua zako ninazo. Kumi na moja. Ya nne ina shairi."

"Lile la..."

"Lile la kunifananisha na trekta."

Mheshimiwa akakaa.

"Trekta lilikuwa jipya wakati ule," alisema.

"Najua. Ndiyo maana nikalitunza. Fomu hii hapa, nakala tatu. Kalamu unayo."

* * *

Alikuja asubuhi bila king'ora. Mama Leokadia alishuka kwanza, akaketi, akafungua mwavuli. Haikujulikana ameambiwa nini njiani, lakini mwavuli ulifunguliwa kwa nguvu.

Mheshimiwa alianza na hotuba. Alisema uongozi ni kubeba mizigo ya wengine. Alisema kuna nyakati T moja inabidi isimame kwa niaba ya T zote. Alikuwa anaingia ukurasa wa tatu tone la kwanza lilipoanguka kwenye karatasi, tone kubwa, likafanya maneno "ustawi endelevu" kuwa doa la bluu.

"Tambwe," Bi. Sikudhani akasema. "Chonga."

Akapewa patasi, nyundo na jiwe la majaribio. Alivua koti. Akapiga magoti kwenye nyasi na suti yake nyeupe, akapima kwa kidole gumba kama fundi, akaanza. Hakutazama popote. Mkono ulikwenda wenyewe: upinde wa kushoto, wa kulia, ncha, mshale. T. S. Haikumchukua hata robo saa. Alipofika kwenye MILELE alikuwa anaimba chini chini, na sidhani alijua.

Profesa akaliendea lile jiwe la zamani, akaweka karatasi juu ya moyo mmoja, kisha juu ya mwingine.

"Inalingana," alisema. "Mstari kwa mstari."

Vigelegele! Wazee wakapona kikohozi papo hapo. Na katikati ya kelele zile sauti ya Mama Leokadia ikasikika wazi, akiwa amefunga mwavuli wake na mvua ikimwangukia kichwani:

"Miaka ishirini na sita ya ndoa. Mimi sijachongewa hata kiazi."

Watu kumi na wawili walishanyanyua jiwe namba 611, Bwana Vannak akikimbia mbele yao na kupiga kelele kwa Kikhmeri, na kila mtu alimwelewa. Likaingia mdomoni mwa birika. Akalipiga ngumi mara moja pembeni. Likakaa. Mvua ikafunguka, maji yakashuka ngazi hadi ngazi, yakaingia kwenye mifereji, yakatua, na tukasikia sauti ambayo hatukuisikia kwa miaka miwili, ya maji kuanguka juu ya maji.

Bi. Sikudhani hakushangilia. Alikuwa ameinama kwenye mfereji wa pili akitoa majani kwa mkono.

* * *

Yaliyofuata yaliripotiwa magazetini, kwa hiyo sina la kuongeza ila ukweli.

Gazeti la serikali liliandika kwamba Mkuu wa Jimbo ameanza ziara ya kikazi ya siku thelathini hekaluni. Ni kweli, alikuja kila siku na ufagio. Kwa kuwa sheria ya adhabu inataka msimamizi mwenye uzoefu, na haikutaja cheti, kwa sababu aliyeiandika hakufikiri kuna mtu angeitaka kazi hiyo, msimamizi akawa Bi. Sikudhani.

"Pale kona umeruka."

"Sijaruka, Siku, ni kivuli."

"Kivuli kina majani? Rudi."

Wizara nayo ilipiga hesabu. Makosa mia sita na kumi na moja, kila moja siku thelathini, wakifuatana kwa zamu: mifereji itafagiliwa kila siku kwa miaka hamsini na miezi miwili ijayo. Hesabu hiyo imechapishwa kwa jalada gumu kwa jina la Mkakati wa Uhifadhi wa Miaka Hamsini, na mwandishi wake amepandishwa cheo.

Profesa Aldersund alipata jibu la swali lake. Hekalu halikuanguka kwa sababu lilikuwa likifagiliwa. Jibu hilo limo katika ripoti, ukurasa wa mia nne na tisa, maelezo ya chini, herufi ndogo. Bwana Vannak alirudi kwao akiwa na kisu alichopewa na akina mama, kimenolewa kwenye jiwe namba kumi na nne, palepale pake. Binti wa Bi. Sikudhani alijifungua mtoto wa kike, na mwaka huu amepimwa urefu ukutani, ngazi ya kwanza, mstari wa chini kabisa. Fomu imejazwa.

Siku ya thelathini na moja tulidhani Mheshimiwa hatakuja. Alikuja. Mama Leokadia alikuwa mbele yake, akipita jiwe hadi jiwe, akilikagua kila moja kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Akasimama kwenye moja zuri, pana, upande unaopata jua la asubuhi, akaligonga kwa ncha ya mwavuli.

"Hili."

Mheshimiwa akatoa patasi mfukoni, akamtazama Bi. Sikudhani.

Bi. Sikudhani alilitazama jiwe, akatazama mfereji ulio chini yake, akaenda kwenye kona na kurudi na mafagio mawili.

"Jazeni fomu kwanza," alisema. "Siku thelathini kila mmoja. Na huo mwavuli acha hapo, mama, hautafagia."